Kwa Nini Mgonjwa Huachwa Peke Yake Katika Chumba cha Mionzi?



Ndugu msomaji, katika kuwatembelea wagonjwa hapa Nyamiaga tunakutana na swali moja kutoka kwa familia zenye mgonjwa wa saratani aliyepewa rufaa kwenda Bugando, Mwanza: kama mionzi ni dawa, mbona wahudumu wote hutoka na kumfungia mgonjwa peke yake? Swali hili limebeba hofu mbili. Ya kwanza humfanya mgonjwa akatae safari. Ya pili humsubiri akirudi: watu huogopa kula naye sahani moja au kumpakata mtoto aliyetoka mapajani mwake. Tujaribu kulijibu.

Mionzi na ukuta

Bugando, hospitali ya rufaa inayomilikiwa na Baraza la Maaskofu Katoliki Tanzania, hutibu saratani kwa mashine ya kobalti-60. Kobalti hiyo hutoa mionzi ya gama usiku na mchana, na nguvu yake hupungua kwa nusu kila baada ya miaka 5 na miezi 3 hivi. Hukaa ndani ya kichwa kizito cha mashine. Wakati wa tiba hufunguliwa kwa muda mfupi kuelekea kwenye uvimbe, kisha hufungwa tena.

Mionzi ya gama haisimamishwi na ukuta wa tofali za kawaida. Huhitaji zege nene. Kila sentimita 21 hivi za zege hupunguza mionzi hiyo hadi sehemu moja ya kumi. Hivyo sentimita 63 hubakiza moja ya elfu, na sentimita 126 hubakiza moja ya milioni. Madini ya risasi hufanya kazi hiyo kwa unene mdogo zaidi, lakini zege ni rahisi kupatikana na hubeba jengo lenyewe. Kwa kawaida njia ya kuingilia vyumba vya namna hii hupindwa, kwa kuwa mionzi husafiri kwa mstari ulionyooka, na kila inapogonga ukuta hupoteza nguvu. Mlango ukifunguliwa, tiba hukatika. Mgonjwa huonekana kwa kamera na husikika akiita.

Mbona wao hutoka?

Mgonjwa hupokea mionzi kwa majuma machache, kwa kipimo cha daktari, mahali penye ugonjwa. Mhudumu angebaki mle angeipokea kila siku kwa miaka, bila faida yoyote. Anayegawa dawa za malaria naye hamezi kidonge kwa kila mgonjwa anayemhudumia. Kanuni za kimataifa humwekea mfanyakazi wa mionzi kikomo cha wastani wa milisiveti 20 kwa mwaka, na mwananchi wa kawaida milisiveti 1. Hapa nchini msimamizi wa usalama huo ni Tume ya Nguvu za Atomiki Tanzania.

Sisi tunaosoma falsafa hufundishwa kwamba haki ni kumpa kila mtu kilicho chake. Ukuta ule hupimwa kwa ajili ya mama anayefagia korido na mgeni aliyeketi nje akisubiri, watu ambao huenda hawajui hata kuna nini upande wa pili.

Na tiba ya protoni?

Wengine wamesikia habari za tiba ya protoni, ambayo bado hatuna hapa Tanzania. Katika Afrika, kituo cha iThemba LABS karibu na Cape Town kilianza kuitumia mwaka 1993. Protoni huacha sehemu kubwa ya nguvu yake mwishoni mwa safari yake, ndani ya uvimbe, hivyo viungo vilivyo nyuma ya uvimbe husalimika. Lakini zinapogonga vyuma vya mashine au mwili hutoa nyutroni, ambazo risasi haizizuii vizuri. Dawa yake ni vitu vyenye haidrojeni, kama maji yaliyofungwa ndani ya zege. Ndiyo maana kuta za vituo hivyo hufikia mita 2 na zaidi.

Akirudi nyumbani

Hapa ndipo penye uzito kwetu. Aliyetibiwa kwa mashine ya kobalti harudi na mionzi mwilini, kama vile aliyemulikwa na tochi harudi na mwanga. Mkumbatie, kula naye, mpe mtoto ampakate, keti naye benchi moja kanisani. Walio tofauti ni wale waliomezeshwa dawa yenye mionzi, kwa mfano kwa saratani ya tezi la shingo. Hao hupewa na hospitali masharti ya siku kadhaa, nayo yafuatwe.

Basi, kwenye jumuiya zetu ndogondogo tuwaeleze wenye rufaa kabla hawajapanda basi kuelekea Biharamulo na Geita: utaachwa peke yako kwa dakika chache tu, na utakuwa unaangaliwa. Na sisi wa nyumbani, akirudi, tusimjengee ukuta wa pili.