Kielezi Kiwezacho Kumharibia Mtu Sifa

Kielezi ni neno lielezalo jinsi, mahali, wakati au kadiri ya tendo. Katika Kiswahili twatwaa sifa kama -zuri au -baya, tukaitia vi-, tukasema "aliandika vizuri" au "alisema vibaya". Kiingereza nacho hutia "-ly" mwishoni mwa sifa: "slow" huwa "slowly", na "careful" huwa "carefully". Mwanafunzi akiisha kuona hayo hudhani ya kuwa kanuni hii haina kombo. Sivyo.

Natutwae mfano wa Kariakoo, mtaa wa Dar es Salaam uliopata jina lake kwa Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa Waingereza katika vita vya 1914 hadi 1918. Hata leo wachukuzi hupita na mizigo sokoni humo. Tuseme mmoja wao ataka kazi ya bohari, na mwenye duka amwandikia barua ya Kiingereza ya kumsifu, ya kuwa hufanya kazi kwa bidii. Akiandika "He works hard", amesema vema. Lakini akiongeza "-ly" ili kutimiza kanuni, amekwisha kumponza mwenziwe, kwa maana "hardly" ni "kwa nadra, kidogo mno", na "He hardly works" ni kusema, "Huyu ni kama hafanyi kazi."

Yako na mengine ya namna hiyo. Shehena ikija "late", imechelewa. Lakini "lately" ni "siku hizi za karibuni". Gunia lililo "near" li karibu na mlango. Lililo "nearly full" li karibu kujaa. Kiswahili hutumia "karibu" kwa yote mawili, ndiyo sababu twachanganyikiwa upesi.

Wala tusiwalaumu Waingereza. Mgeni aliyejifunza "vizuri" na "vibaya" aweza kusema "tuanze vipya", kumbe sisi husema "upya". "Vipya" ni vitu, kama viatu au vyombo. Kila lugha ina njia yake.

Basi, mwalimu asiwafundishe watoto mwisho wa neno tu, bali awape kila kielezi ndani ya sentensi nzima. Naye aandikaye barua, kabla ya kuitia sahihi, aifasiri tena kwa Kiswahili neno kwa neno, aone kama bado yamsifu yule aliyekusudiwa kusifiwa.