Walioumia mgongo na ubongo wapewe nafasi katika kamati zinazowaamulia

Kati ya Ruiru na Thika mtu anaweza kuvunjika mgongo kwa njia nyingi. Barabara Kuu ya Thika, iliyofunguliwa rasmi mwaka 2012, ina magari ya kasi na boda boda zinazokatiza mbele yake. Ruiru inajengwa kila siku, na vijana wa mjengo hupanda hadi ghorofa ya nne bila mkanda wa kuwashika wakiteleza. Juja, hapo katikati, kuna machimbo ya mawe ya Ndarugo. Na msimu wa parachichi na makadamia ukifika, wapo wanaopanda mti na kuvunjikiwa na tawi.

Ndani ya pingili za uti wa mgongo hupita mshipa mkuu wa neva, unene wake kama kidole cha mwisho cha mkono. Ndio unaobeba amri za ubongo kwenda mwilini na kurudisha habari za maumivu, joto na kibofu kilichojaa. Ukiumia sehemu ya kifua, miguu hupooza. Ukiumia shingoni, mikono nayo huathirika, na jeraha likiwa juu kabisa ya shingo, mtu hushindwa kupumua mwenyewe. Mfupa uliovunjika huunga. Mshipa huu ukikatika hauungi, na hakuna dawa iliyothibitishwa ya kuurejesha.

Jambo ambalo wengi hawalijui ni kwamba madhara huja mara mbili. Kwanza ni pigo lenyewe. Kisha, kwa saa na siku zinazofuata, uvimbe, upungufu wa oksijeni na kushuka kwa shinikizo la damu huua neva zilizokuwa zimesalimika. Ubongo nao huharibika vivyo hivyo, na damu ikivujia ndani ya fuvu huukandamiza. Ndiyo maana jinsi majeruhi anavyobebwa ina uzito mkubwa. Akinyanyuliwa kwa mikono na miguu na kutupwa nyuma ya pikapu, au akiketishwa kwenye boda boda huku mtu mwingine akimshikilia kwa nyuma, pingili iliyovunjika inaweza kumaliza kazi ambayo ajali haikuimaliza. Kama hakuna moto wala hatari nyingine, mwache alipo, shika kichwa na shingo visitikisike, piga 999 au 1199 ya Shirika la Msalaba Mwekundu. Ikilazimu ageuzwe, wamgeuze watu kadhaa kwa pamoja, kichwa na kiwiliwili vikienda sawa. Kwa wanaopanda pikipiki, helmeti hupunguza majeraha ya kichwa kwa takriban asilimia 69 na vifo kwa asilimia 42. Helmeti ya abiria inayoning'inia kwenye usukani haimlindi yeyote.

Tuseme majeruhi amefika Hospitali ya Thika Level 5 akiwa hai, au amepelekwa Hospitali ya Rufaa, Mafunzo na Utafiti ya Chuo Kikuu cha Kenyatta, jirani na Ruiru, iliyoanza kupokea wagonjwa mwaka 2019. Huenda akapelekwa pia katika hospitali ya taifa ya majeraha ya uti wa mgongo kule Hurlingham, Nairobi, ambayo chimbuko lake ni makao ya askari walioumia katika Vita vya Pili vya Dunia. Vitanda vyake ni vichache mno kwa nchi nzima. Kisha mgonjwa huruhusiwa kwenda nyumbani, labda kwenye chumba cha kupanga ghorofani, Githurai au Makongeni, katika jengo lisilo na lifti.

Hapo nyumbani ndipo hatari kubwa ilipo, na tumelijua hilo kwa miaka themanini. Februari 1944 Ludwig Guttmann, daktari Myahudi aliyekimbia Ujerumani ya Hitler, alifungua kituo cha majeruhi wa mgongo huko Stoke Mandeville, Uingereza. Kabla ya hapo wengi wao walikufa ndani ya miezi michache, na waliouawa na mgongo wenyewe walikuwa wachache. Wengi waliuawa na vidonda vya kulalia na maambukizi yanayotoka kwenye kibofu hadi kwenye figo. Guttmann aliamuru kila mgonjwa ageuzwe baada ya kila saa mbili, usiku na mchana, mkojo utolewe kwa usafi, na mtu aanze mazoezi na kazi mapema. Hiyo haikuhitaji mashine ya mamilioni. Leo Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa zaidi ya watu milioni 15 wanaishi na jeraha la uti wa mgongo, na limeonya kuwa uwezekano wao wa kufa mapema ni mara mbili hadi tano ya ule wa watu wengine, hasa katika nchi maskini.

Kwa hiyo uhai wa kijana wa Ruiru hutegemea vitu vidogo: mpira wa mkojo ulio safi, mto maalumu wa kukalia, kiti cha magurudumu kinachomtosha, na mtu wa kumgeuza saa nane usiku. Nani huamua kama vitu hivi vitalipiwa? Hapo ndipo kamati za ushauri zinapoingia. Kamati ya namna hii haitibu mtu wala haishiki pesa. Humshauri waziri ni huduma zipi zilipiwe na kwa kiasi gani. Mwaka 2018 Sicily Kariuki, aliyekuwa Waziri wa Afya, aliteua jopo la kupendekeza huduma za bima ya kitaifa. Baada ya Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, kuchukua nafasi ya bima ya zamani, NHIF, Oktoba 2024, Wizara ina tena jopo la kushauri kuhusu mafao na viwango vya malipo.

Majopo haya yanahitaji wataalamu, sina ubishi na hilo. Lakini daktari wa upasuaji humwona mgonjwa kwa wiki kadhaa. Mke au mama humwona kwa miaka thelathini. Anayejua mipira mingapi hutumika kwa mwezi ni yule anayeinunua. Katika jimbo la Florida, Marekani, sheria imeunda baraza la ushauri la watu 16 kuhusu majeraha ya ubongo na uti wa mgongo. Wanne kwa uchache lazima wawe wameumia ubongo au wawe jamaa za walioumia, wanne wengine vivyo hivyo kwa upande wa uti wa mgongo, na wawili wawakilishe watoto. Jimbo jirani la Georgia lina mfuko wa majeruhi hao unaopata fedha zake kutokana na faini za madereva walevi. Kenya haikosi madereva walevi.

Huku kwetu, mwaka 2012, Zack Kimotho, daktari wa mifugo aliyepooza baada ya kupigwa risasi na wezi wa magari, alianza safari kwa kiti cha magurudumu kutoka Nairobi kuelekea Afrika Kusini, akichangisha Sh250 milioni za kujenga kituo cha kurekebisha majeruhi wa mgongo. Taifa zima lilimtazama. Kumlazimu mtu aliyepooza kuingia barabarani ili asikilizwe ni aibu ya serikali, na ninaamini kiti katika kamati kingeweza kufanya kazi hiyo miaka mingi kabla.

Kamati hizo pia hazina hesabu ya kutosha. Mamlaka ya Usalama Barabarani, NTSA, ilirekodi vifo 4,748 mwaka 2024. Waliojeruhiwa vibaya huwekwa fungu moja, aliyevunjika mguu pamoja na aliyepooza, na aliyeanguka kutoka mjengoni hayumo kabisa. Thika Level 5 ingeweza kuanza daftari lake: ameumia vipi, wapi mwilini, amefikishwaje hospitalini, na baada ya miezi sita je, ana kidonda? Bila daftari hilo, jopo la Nairobi hukadiria tu.

Ibara ya 54 ya Katiba inataka angalau asilimia tano ya wanachama wa vyombo vya kuchaguliwa na kuteuliwa wawe watu wenye ulemavu, hatua kwa hatua. Katika jopo la watu ishirini huyo ni mmoja, na mmoja hatoshi. Aliyepooza miguu anaweza kuingia ukumbini na kujieleza. Aliyeumia ubongo mara nyingi amepoteza kumbukumbu, subira au usemi, na nyumbani wanasema amebadilika tabia. Huyo anahitaji dada au mzazi anayemtunza awe mwanachama kamili pamoja naye, alipwe nauli na posho kama profesa anavyolipwa, na agharimiwe mtu wa kubaki na mgonjwa siku ya kikao.