Je, Wajua? Maajabu ya Figo na Chanjo

Madumu tisa kila siku
Figo zako mbili huchuja takriban lita 180 za majimaji ya damu kwa siku, sawa na madumu tisa ya lita 20! Zikichoka, taka hubaki mwilini na kudhoofisha hata chembechembe nyeupe zinazotukinga na maradhi. Ndiyo maana mgonjwa wa figo ni miongoni mwa wanaohitaji chanjo zaidi.

Dozi maradufu
Mtu mzima mwenye afya kwa kawaida huchomwa maikrogramu 20 za chanjo ya homa ya ini aina ya B. Anayesafishwa damu kwa mashine kwa kuwa figo zake zimeshindwa huchomwa 40! Kinga yake ni nzito kuamka, basi huamshwa kwa kishindo.

Wiki nzima mezani
Virusi vya homa ya ini B huishi nje ya mwili hata siku 7, juu ya meza au mashine, pasipo tone la damu kuonekana. Mwaka 1969 na 1970 vilizuka katika kitengo cha kusafisha damu huko Edinburgh, Scotland, vikaua wagonjwa na wahudumu wao. Leo chanjo humlinda aliye kitandani na anayemhudumia.

Hamira inayookoa maisha
Ndiyo, hamira, ile inayoumua mikate! Wanasayansi huipachika kinasaba cha kirusi cha homa ya ini B, nayo hutengeneza ganda la kirusi lisiloweza kuambukiza. Ganda hilo ndilo chanjo, nayo iliidhinishwa Marekani mwaka 1986, ya kwanza kwa binadamu kutokana na uhandisi jeni.

Sindano si mwisho
Anayesafishwa damu hupimwa kinga mwezi mmoja au miwili baada ya dozi ya mwisho ya chanjo ya homa ya ini B, kisha kila mwaka. Ikishuka mno, huongezewa dozi ili ulinzi urudi.

Wiki nne kabla ya figo mpya
Chanjo zenye virusi hai vilivyodhoofishwa, kama za surua na tetekuwanga, hutolewa angalau wiki nne kabla ya kupandikizwa figo. Baada ya hapo, dawa zinazouzuia mwili kuikataa figo mpya hupunguza kinga, na chanjo hizo kwa kawaida huepukwa. Tena, mwili huitikia chanjo vizuri zaidi kabla mgonjwa hajafikia hatua ya kusafishwa damu kwa mashine. Mwenye ugonjwa wa figo na amuulize daktari wake mapema.