Mheshimiwa Anasailiwa Uwanjani

Mpita njia akiona jioni kundi la watu limemzunguka kijana aliyevaa koti linalompwaya, watoto wakimzomea na watu wazima wakimkatiza kila sentensi, hudhani ni fujo. Mtu wa shirika la ufadhili akija kukagua hulalamika kwamba kikundi hakina utaratibu wa kuteua waigizaji. Mpenzi wa tamthilia za ukumbini hutabasamu kwa huruma. Askari wa zamu huuliza nani ametoa kibali. Wote wameuona usaili wa kichekesho cha kisiasa, na hakuna hata mmoja aliyeutambua.

Wenyewe huuita odishen, na katika vikundi vya maigizo vya mitaani nchini Kenya haukuwa siri ya mwelekezi na karani wake. Ulifanyika peupe, saa ambazo watu wametoka kazini, mahali ambapo asiyealikwa angeweza kusimama na kutia neno. Wanaoucheka leo wakidai ni ushamba wa watu wasio na ukumbi wana haki nusu. Ni kweli ukumbi haukuwepo. Lakini desturi ikishazaliwa na shida haikosi thamani kwa sababu hiyo.

Limuru inaweza kutoa ushahidi. Mwaka 1977, katika kijiji cha Kamĩrĩĩthũ, Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mĩriĩ walipokuwa wakiandaa mchezo wa Ngaahika Ndeenda, uteuzi wa waigizaji na mazoezi yalifanyika hadharani kwa sababu palikuwa na uwanja mtupu tu. Wanakijiji, wakiwemo vibarua wa mashambani na wafanyakazi wa kiwanda cha viatu cha Bata, walikuja kutazama na hawakukaa kimya. Walisahihisha lugha ya wahusika: mzee hasemi hivyo, kijana hamjibu mkubwa namna hiyo. Kisha wakajenga kwa mikono yao jukwaa la wazi la kuketisha watu zaidi ya 2,000. Maonyesho yalianza Oktoba 2, na Novemba 16 leseni ikafutwa. Kabla ya mwaka kwisha, Ngũgĩ wa Thiong'o alikuwa kizuizini. Machi 1982, kikundi kilipokuwa kimerudi na mchezo mwingine, malori ya polisi yalifika kijijini na jukwaa likabomolewa.

Ngaahika Ndeenda haukuwa mchezo wa kuchekesha tu. Kichekesho chenyewe cha kisiasa, kile cha mtawala anayejikwaa kwa maneno yake, kilinoga zaidi katika miaka ya 1990, pale Wahome Mutahi, yule wa safu ya "Whispers" gazetini, alipopeleka michezo ya Kikuyu kwenye baa akiwa na kundi lake la Igiza Productions. Mugaathe Mubogothi, yaani Mtukufu Mropokaji, ulichezwa katikati ya meza za bia na nyama choma. Mutahi alikuwa amefungwa jela katika miaka ya 1980, wakati wa msako wa kundi la siri la Mwakenya, na alijua anamcheka nani. Mwishoni mwa miaka ya 1990 vijana watatu wa kundi la Redykyulass wakaingia kwenye runinga wakimwiga Rais Moi, na nchi ikagundua kwamba mtu aweza kufanya hivyo na bado akalala nyumbani kwake.

Mtu wa kumwiga mtukufu hupatikanaje? Hapa ndipo odishen ya uwanjani ilipokuwa na ustadi wake. Chukua jaribio la msibani. Mwelekezi huchora mistari mchangani kwa kijiti: hapa kaburi, pale hema la wageni mashuhuri. Kisha huita, "Haya, wewe ni mheshimiwa. Ibada ilianza saa nne, umefika saa nane. Marehemu humjui. Ongea." Hakuna maandishi.

Wa kwanza hutoa tumbo mbele na kutembea kwa madaha. Watoto hucheka, wakubwa hapana, maana matumbo wameshayaona. Wa pili humwiga kiongozi fulani kwa sauti ile ile, mpaka kikohozi. Hushangiliwa kwa vifijo, lakini baada ya dakika mbili sauti imeisha utamu na yeye hana la kusema. Wa tatu, tuseme ni kinyozi, huingia polepole. Huwasalimu wageni wa hemani mmoja mmoja kwa vyeo vyao, jeneza likisubiri. Humwinamia mlinzi wake na kunong'ona, "Marehemu anaitwa nani?" Halafu hulitamka jina kombo. Hulia kidogo, hutazama kama kamera imemwona, hulia tena. "Sikuja hapa kupiga siasa," asema, na uwanja mzima huangua kicheko kabla hajaongeza neno, kwa kuwa kila mtu anakijua kinachofuata. Hutoa bahasha "kutoka kwangu na marafiki zangu," huitaja mara tatu, na haiachii.

"Hiyo ni tupu!" mama muuza viazi karai hupaza sauti kutoka nyuma. "Hata yule wa mwaka jana alileta hiyo hiyo!"

Kinyozi hageuki kuwa kinyozi. Hujifuta jasho kwa leso, huinua mkono wa baraka na kujibu, "Mama, hilo tutaliongea ofisini." Nafasi ameipata, na mwelekezi hana haja ya kutangaza.

Mgeni ataona hapo mtu aliyebahatika kuchekesha. Wenyeji wamepima mengine. Wamepima kama anaijua tabia ya mwenye cheo, au sura yake tu. Wamepima kama anaweza kukatizwa asipotee, kwa maana siku ya onyesho mlevi atasimama na mtoto atalia. Na wamepima jambo zito zaidi: kama mzaha wake unampata mkubwa au unamdhuru mnyonge. Anayemfanya mfiwa kuwa kichekesho hunyamaziwa, na kimya cha uwanjani ni kikali kuliko alama yoyote ya mwelekezi. Mheshimiwa wa mchezo, tofauti na yule wa bungeni, hakuweza kupita bila kuwaridhisha waliomfahamu.

Aliyeshindwa hakurudishwa nyumbani. Alipewa ngoma, au akawa mlinzi wa mheshimiwa, au mmoja wa umati wa wapiga makofi, na mara nyingi alijifunza nafasi ya aliyemshinda ili siku moja aishike. Ya maleba, posho na vibali hayana haja ya maelezo marefu: koti huazimwa, posho husubiriwa, kibali hucheleweshwa.

Desturi hii sasa inakufa, na haiuawi na polisi. Ufadhili ulileta michezo yenye ujumbe ulioamuliwa ofisini kabla mwigizaji wa kwanza hajapatikana, na ujumbe wa namna hiyo hauhitaji uwanja. Unahitaji vijana watano wanaofika kwa wakati na kusaini fomu. Kisha ikaja simu. Tangazo la odishen siku hizi humtaka mwombaji ajirekodi video fupi chumbani kwake na kuituma kwa WhatsApp. Mwelekezi huitazama peke yake, pengine ndani ya matatu, na kuchagua sura na sauti. Yule wa pili, mwenye kikohozi cha kiongozi, ndiye hufaulu sasa. Hakuna aliyemkatiza.

Watetezi wa simu wana hoja. Kejeli ya Wakenya haijapungua. Rais wa miaka ya karibuni aliitwa Zakayo, kwa jina la mtoza ushuru wa Biblia, na jina likavuka kaunti zote bila jukwaa wala leseni. Klipu moja hufikia watu ambao baa za Mutahi zisingewabeba. Lakini anayejirekodi peke yake huadhibiwa peke yake. Desemba 2024 vijana kadhaa walitekwa nyara baada ya kuchapisha picha za kumkejeli rais mitandaoni, na wakaachiliwa Januari 2025. Wingi wa watu haukuiokoa Kamĩrĩĩthũ, hilo lisifichwe. Ila kuwanyamazisha wale wa kijijini kulihitaji malori, na kila aliyekuwa uwanjani alijua kilichobomolewa, kwa sababu sehemu ya mchezo ilikuwa yake.

Wasichana wa shule ya Butere walilielewa hili kuliko wakubwa wao. Aprili 2025 walifika Nakuru, kwenye tamasha la maigizo ya shule, na mchezo wa Echoes of War, ulioandikwa na Cleophas Malala, Mahakama Kuu ikiwa imeagiza waruhusiwe kuucheza. Mwandishi wao alikuwa amekamatwa, na ukumbi haukuwa na hadhira. Wakaimba wimbo wa taifa na kuondoka bila kuigiza, huku polisi wakirusha vitoa machozi nje. Wapo waliosema wangecheza tu ili wapate alama. Hao hawajawahi kusailiwa uwanjani. Kichekesho cha mtawala kikichezwa mbele ya viti vitupu huwa ni kuhifadhi maneno kichwani tu.

Waelekezi wa leo wakiulizwa kwa nini hawarudi uwanjani hutaja mvua, muda, na viwanja vilivyonyakuliwa. Viwanja kweli vimenyakuliwa. Lakini jaribio la msibani halizidi dakika tano, na kijiti cha kuchora kaburi hakinunuliwi. Kinachowashinda wengi ni kuacha uamuzi wao upingwe kwa kicheko, mbele ya waigizaji wao wenyewe, na watu wasiojua hata jina la kikundi. Wanataka kuwacheka wakubwa bila wao kuchekwa, na hiyo ndiyo tabia ile ile wanayoiandikia michezo.