Maumivu ya Kiuno Yanayoshuka Mguuni

Mwezi huu tunapenda kuzungumza nanyi juu ya maumivu ambayo karibu kila ukoo una mtu anayeyafahamu. Huanzia kiunoni au kwenye tako, hupita nyuma ya paja, hushuka kwenye shavu la mguu na pengine hufika mpaka kwenye vidole. Kwa kawaida hushika mguu mmoja tu. Wengine husema ni kama kupigwa na umeme, wengine husema ni moto, na wengine mguu hufa ganzi. Mgonjwa akikohoa, akipiga chafya au akijikamua chooni, maumivu huzidi.

Kila mtu huyapa jina lake. Huyu husema ni baridi, yule husema ni uzee, na mwingine hunong'ona kwamba jirani ametupa kitu njiani. Hivyo wengi hutufikia hospitalini wakiwa wamekwisha kuchanjwa chale kiunoni na kupoteza miezi. Lakini sababu nyingi ziko pale pale nyumbani na shambani: namna tunavyoinua, tunavyoinama na tunavyokaa. Kwa kuwa ziko nyumbani, tunaweza kuzipunguza sisi wenyewe.

MSHIPA MNENE KULIKO YOTE

Katika mwili wa binadamu, mshipa wa fahamu ulio mnene kuliko yote ni huu unaopita katika tako kwenda mguuni. Unene wake unakaribia kidole gumba. Mizizi yake hutoka katika sehemu ya chini ya uti wa mgongo, kisha huungana na kushuka nyuma ya paja. Kazi yake ni kupeleka amri za kutembea kwenye misuli ya mguu, na kurudisha habari za maumivu, joto na baridi. Mshipa huu ukibanwa kiunoni, maumivu husikika mguuni, kama vile kengele inavyolia mbali na kamba inayovutwa. Ndiyo maana mtu husugua dawa kwenye shavu la mguu kwa majuma mengi bila kupata nafuu. Waganga huita maumivu haya sayatika.

Hata katika Maandiko tunasoma, Mwanzo sura ya 32, jinsi Yakobo alivyoshindana usiku kucha na kuondoka akichechemea kwa sababu ya nyonga. Wayahudi tangu zamani hawali mshipa wa nyonga wa mnyama kwa kukumbuka jambo hilo, na kwa mapokeo yao ndio mshipa huu tunaouzungumzia.

Unabanwa na nini? Kati ya pingili moja ya uti wa mgongo na nyingine kuna kisahani cha gegedu, chenye ute mzito katikati. Visahani hivi ni kama mito midogo inayozuia mifupa isigongane. Tukivibana vibaya mara nyingi, kimoja huweza kupasuka ukingoni, ute ukatokeza nje na kugusa mzizi wa mshipa. Mara nyingi hutokea katika visahani viwili vya chini kabisa, maana ndivyo vinavyobeba uzito mkubwa. Jambo hili lilielezwa wazi mwaka 1934 na madaktari wawili wa Boston, Marekani, William Mixter na Joseph Barr. Kwa wazee, nafasi ya mshipa huweza kuwa nyembamba kwa sababu mifupa imeota vinundu.

SABABU ZA KILA SIKU

1. Kuinua mizigo vibaya. Ndoo ya maji ya lita 20 ina uzito wa kilo 20. Mama akiinama kwa kiuno huku magoti yamenyooka, akaivuta ndoo ikiwa mbali na mwili, kiuno chake hubanwa kwa nguvu iliyo mara nyingi zaidi ya hizo kilo 20. Akigeuka upande huku ameshika mzigo, hatari huzidi. Ni vivyo hivyo kwa baba anayeinua peke yake mfuko wa saruji wa kilo 50, au vijana wanaopakia magunia ya mahindi.

2. Kuinama muda mrefu. Jembe la mpini mfupi, ufagio wa njukuti usio na mpini, beseni la nguo lililowekwa chini, na mafiga yaliyo chini kabisa: haya yote humfanya mama ainame tangu alfajiri hata jioni, mara nyingine akiwa na mtoto mgongoni.

3. Kukaa muda mrefu. Dereva wa basi, fundi cherehani, karani na kijana wa bodaboda hukaa saa nyingi bila kunyanyuka. Mtikisiko wa barabara mbovu huongeza matatizo. Tena wako wanaume wanaoweka pochi nene katika mfuko wa nyuma wa suruali na kuikalia kutwa nzima. Pochi hiyo hukandamiza mshipa kwenye tako.

4. Mimba. Tumbo linapokua, kiuno huvutwa mbele na viungo vya nyonga hulegea vikijiandaa kwa kujifungua. Mara nyingi maumivu hupungua baada ya mtoto kuzaliwa.

5. Uzito wa mwili na tumbaku. Kitambi hukivuta kiuno mbele siku zote. Tumbaku nayo hupunguza damu inayolisha visahani, navyo huchakaa upesi.

6. Sindano iliyochomwa mahali pabaya. Sababu hii haibani kiuno, bali huumiza mshipa wenyewe. Mshipa hupita katikati ya tako, na sindano ikichomwa hapo huweza kumwacha mtu, hasa mtoto mdogo mwenye misuli haba, akiburuta mguu maisha yake yote. Mahali salama kwa mtoto mchanga na mtoto mdogo ni paja, upande wa mbele na nje. Mtu mzima akichomwa takoni, iwe ni robo ya juu upande wa nje. Kwa hiyo msikubali sindano za mitaani, na msimlazimishe mganga achome sindano pale anaposema vidonge vinatosha. Mtoto akianza kuchechemea baada ya sindano, mrudisheni hospitalini siku hiyo hiyo.

TUFANYE NINI NYUMBANI?

Kuinua mzigo: sogea karibu nao, panua miguu kidogo, chuchumaa kwa kukunja magoti, ukumbatie mzigo kifuani, kisha inuka kwa nguvu ya mapaja. Ukitaka kugeuka, geuza miguu, usipinde kiuno. Ndoo ya kujitwisha ipandishwe kwanza juu ya jiwe au kigoda, au asaidie mtu wa pili. Ndoo mbili za lita 10, moja kila mkono, ni afadhali kuliko moja ya lita 20 upande mmoja.

Shambani: tafuta jembe la mpini mrefu unaokufaa kwa kimo. Baada ya kila nusu saa simama wima, weka mikono kiunoni, jinyooshe kwa nyuma mara tano au sita. Si uvivu huo, ni kulinda nguvu ya kesho.

Nyumbani: ufagio ufungwe mpini mrefu, beseni la kufulia liwekwe juu ya meza au benchi, na jiko lijengwe lifike kiunoni. Kazi hii ya udongo na matofali inamaliza siku moja tu.

Kukaa: kaa kiti chenye egemeo, weka nguo iliyokunjwa nyuma ya kiuno, ondoa pochi mfukoni, na unyanyuke kutembea kila baada ya nusu saa. Madereva, basi linaposimama, shukeni mtembee kidogo.

Kulala: kitanda cha kamba kilicholegea kama machela kikazwe. Lala ubavu na mto kati ya magoti; akina mama wajawazito husaidiwa sana na jambo hili. Asubuhi usijivute kwa kukaa moja kwa moja. Geuka ubavu kwanza, shusha miguu, kisha jiinue kwa mkono.

UKISHASHIKWA NA MAUMIVU

Zamani hospitali nyingi ziliwalaza wagonjwa wa namna hii juu ya ubao kwa majuma mengi. Siku hizi tunajua kwamba kulala sana hudhoofisha misuli na kuchelewesha kupona. Kama maumivu ni makali, pumzika siku moja au mbili, kisha anza kutembea taratibu, dakika chache mara kadhaa kwa siku. Acha mizigo mizito, lakini usiache kujongea.

Kitambaa cha maji ya moto juu ya kiuno hutuliza misuli. Angalia usijiunguze, hasa kama ngozi ina ganzi. Jaribu pia kulala kifudifudi na kujiinua polepole kwa viwiko. Kama maumivu yanarudi juu kutoka mguuni kuelekea kiunoni, hiyo ni dalili njema, endelea. Kama yanazidi kushuka mguuni, acha zoezi hilo.

Vidonge vya kutuliza hupunguza maumivu tu, havirudishi kisahani mahali pake. Diklofenaki inayonunuliwa ovyo dukani huweza kutoboa tumbo la mwenye vidonda na kuharibu figo; mama mjamzito asiinywe bila kuelekezwa na mganga. Msikubali pia mtu awapande mgongoni au avute kiuno kwa nguvu eti airudishe mifupa.

Wagonjwa walio wengi hupata nafuu katika majuma sita hadi kumi na mawili bila upasuaji. Kama majuma sita yamepita bila nafuu, au maumivu yanazidi, njooni tuwapime.

DALILI ZA HATARI

Ziko dalili ambazo hazingoji hata kesho. Tunaomba baba na mama wazisome kwa sauti ili watu wote wa nyumbani wazijue:

- Ganzi kwenye sehemu za siri, kuzunguka haja kubwa, au mapajani mahali panapogusa tandiko la baiskeli.
- Kushindwa kukojoa, au mkojo na choo kutoka vyenyewe.
- Miguu yote miwili kulegea, au unyayo kushindwa kunyanyuka na kuburutwa.
- Maumivu makali baada ya kuanguka mtini, kwenye pikipiki au kugongwa na gari.

Mtu huyu apelekwe hospitali kubwa siku hiyo hiyo, hata usiku. Mishipa ya kibofu ikibanwa kwa muda mrefu haiponi tena, na saa chache huweza kutenganisha mtu atakayetembea na mtu atakayebaki kitandani. Wengi huona haya kutaja sehemu hizo. Tafadhali, mbele ya mganga na muuguzi semeni bila haya.

Dalili nyingine zataka upimwe mapema: homa za jioni, jasho la usiku, kukonda, au kinundu kinachotokeza kwenye uti wa mgongo. Hizi huweza kuwa kifua kikuu cha mifupa, ambacho kina dawa, nazo hutolewa bure. Mzee mwenye shida ya kukojoa au mama mwenye uvimbe wa titi akiumwa kiuno usiku na mchana, naye asichelewe, kwa maana saratani huweza kushuka kwenye mifupa.

MZIGO NI WA FAMILIA NZIMA

Tumeeleza namna ya kuinama na kuinua, lakini liko jambo kubwa zaidi. Mara nyingi mgonjwa ni mama, na tunapomwambia asibebe ndoo anatuuliza, "Nani atateka maji?" Jibu haliko katika duka la dawa. Liko kwa baba mwenye baiskeli, na kwa watoto wa kiume ambao wameachiwa kucheza mpira wakati dada zao wanakwenda kisimani. Simoni wa Kirene alibeba msalaba wa Bwana sehemu ya njia, wala hakupungukiwa heshima kwa hilo.

Katika jumuiya ndogo ndogo, akina mama wa WAWATA na vijana wa VIWAWA, pangeni zamu ya kumtekea maji na kumpasulia kuni mwenye kiuno kwa hayo majuma sita. Jengeni jiko moja la kusimamia kwa mfano, wengine waige. Na jioni hii, kabla ya sala ya familia, tazameni ufagio na jembe la nyumbani kwenu. Kama mpini ni mfupi, kateni mrefu kesho asubuhi.