Simu ya Upepo: Jinsi Chombo Kinavyokumbuka Chaneli Zake

Watumishi wa Serikali na wananchi wa visiwa vya Ukerewe wanaifahamu vema simu ya upepo. Kabla ya simu za mkononi kuenea, ndicho chombo kilichoviunganisha vituo vya polisi, hospitali na meli za Ziwa Victoria na Mwanza; na mahali ambapo mnara wa simu haufiki, bado ni tegemeo la baharia. Hata hivyo, ni wachache wanaojua kilichomo ndani yake. Kutokana na kutojua huko hutokea kosa ambalo makala haya yanakusudia kulieleza: simu yenye betri iliyojaa, inayowaka taa zake zote, lakini isiyomsikia mtu anayeomba msaada.

Simu za zamani hazikuwa na kumbukumbu. Kila chaneli ilikuwa na vipande vyake vya fuwele, kimoja cha kupokelea na kimoja cha kurushia, vilivyokatwa kwa kipimo cha masafa yake. Aliyetaka chaneli nne alihitaji vipande vinane, na aliyetaka ya tano ilimbidi aagize fuwele nyingine na kumwita fundi. Mwaka 1971 kampuni ya Intel ya Marekani ilianza kuuza mikroprosesa, yaani saketi ya kukokotoa na kutoa amri iliyokusanywa yote katika kipande kimoja cha silikoni. Katika miaka iliyofuata saketi za namna hiyo ziliingia katika simu za upepo, na utitiri wa fuwele ukaachwa, ikabaki ile ya kutolea kipimo.

Tuchukue mfano wa chaneli 16, ambayo kimataifa ni ya wito wa dharura majini, yenye masafa ya megahezi 156.8. Mtumiaji anapozungusha swichi, mikroprosesa huisoma nafasi ya swichi hiyo, kisha hutafuta katika kumbukumbu yale yaliyoandikwa kwa ajili ya chaneli hiyo. Haikuti sauti wala mawimbi humo, inakuta tarakimu. Hesabu yenyewe ni nyepesi: kilohezi 156,800 zikigawanywa kwa hatua ya kilohezi 25, jibu ni 6,272. Nambari hiyo hupelekwa kwenye saketi ya kuzalisha masafa. Saketi huyagawa mawimbi yake yenyewe kwa 6,272, kisha hulinganisha matokeo na mapigo ya kilohezi 25 yanayotokana na fuwele. Yakienda mbio hupunguzwa, yakichelewa huharakishwa, mpaka yalingane. Hayo yote hukamilika kabla msemaji hajavuta pumzi. Yasipolingana, mikroprosesa hukataa kurusha na hutoa mlio wa onyo, na asiyejua hudhani kwamba kitufe cha kuzungumzia kimeharibika.

Sasa tuje kwenye kumbukumbu zenyewe, ambazo si moja. Waliopitia chuo cha Kurani watakumbuka ubao: aya huandikwa kwa wino, husomwa, kisha huoshwa ili iandikwe nyingine. Ndivyo ilivyo kumbukumbu ya kwanza, inayoshika mambo ya wakati ule tu, kama vile chaneli inayosikilizwa na nguvu ya mawimbi yanayoingia. Ukizima simu, ubao umeoshwa. Kumbukumbu ya pili ni mfano wa kifua cha hafidhi: humo yamo maagizo ya kiwandani, ambayo hayapotei hata betri ikiondolewa mwaka mzima. Ya tatu imesimama katikati, na ndiyo inayohitaji tahadhari. Haifutiki kwa kuzima simu, lakini yaweza kuandikwa upya kwa kompyuta na waya maalumu. Humo huwekwa masafa ya kila chaneli, nguvu ya kurushia, vipimo vya urekebishaji wa simu ile mahususi, na mlio wa utambulisho.

Mlio huo ni sauti nzito, ya baina ya hezi 67 na 254 hivi, inayorushwa pamoja na maneno lakini huchujwa isisikike katika spika. Simu iliyopangiwa mlio hufungua spika pale tu inapoutambua mlio wake. Faida yake ni kwamba ofisi mbili zenye masafa yale yale hazisumbuani. Wako wanaodhani kuwa unaficha siri. Haufichi chochote, kwani mwenye simu isiyopangiwa mlio husikia kila neno. Madhara yake ni haya: mtumbwi ulio kati ya Bugolora na Ukara ukiita kwa masafa sahihi bila mlio, taa ya simu iliyoko ufukweni itawaka kuonyesha kwamba mawimbi yamefika, lakini spika itabaki kimya. Mikroprosesa haikukosea. Imetii ilichoandikiwa.

Ziwa hili lilituondolea MV Bukoba tarehe 21 Mei 1996, na MV Nyerere karibu na Ukara tarehe 20 Septemba 2018, ambapo walipotea watu zaidi ya 220. Hatudai kwamba ajali hizo zilitokana na simu. Lakini wakazi wa visiwa hivi hawahitaji kuelezwa thamani ya wito unaosikika mapema.

Kwa hiyo, chaneli ya dharura isipangiwe mlio wa kupokelea. Taa ikiwaka bila sauti, mtumiaji abonyeze kitufe cha kufungulia spika, ambacho simu nyingi zinacho, asikilize. Kumbukumbu ya simu moja isinakiliwe yote katika nyingine, maana vipimo vya urekebishaji hutofautiana hata kwa simu za aina moja. Na kabla ya kuandika upya, yaliyomo yahifadhiwe kwanza. Masafa nayo hayachaguliwi na fundi wa sokoni: hutolewa kwa leseni na Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, kwa mujibu wa Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya mwaka 2010. Aidha, kila simu iliyoandikwa upya ijaribiwe na simu mbili, moja yenye mlio na nyingine isiyo nao, na matokeo yaandikwe katika daftari la kituo.