Mbinu za kunasa picha safi ya ‘mjane’ wa Ushelisheli

NDEGE mweusi tii, mkia mrefu kama utepe, anapita chini ya mikungu na mitondoo. Unabonyeza kamera chapchap. Kucheki, ametoka kijivu, ama ni doa jeusi lisilo na macho!

Huyo ni ndege wa kisiwa cha La Digue, Ushelisheli. Wenyeji humwita vev, kutokana na neno la Kifaransa lenye maana ya mjane, kwa sababu ya weusi wa dume. Jike ana kichwa cheusi, mgongo wa hudhurungi na tumbo jeupe. Mwaka wa 2008, ndege 23 walihamishiwa kisiwa cha Denis ili kizazi chao kisitegemee La Digue pekee.

Shida ya picha yako ni mwanga. Kamera hudhani kila kitu kina mwangaza wa wastani. Dume akiwa mbele ya majani yenye kiza, punguza mwangaza kwa hatua moja. Akiwa mbele ya anga jeupe, ongeza. Lenga jicho, kasi isishuke chini ya 1/500 ya sekunde. Usiogope kupandisha ISO hadi 3200: chenga husafishika, lakini picha iliyotikisika imeenda hiyo. Na usimkimbize. Yeye hudaka wadudu hewani kisha hutua tena, kwa hivyo chagua tawi utulie.

Ukipiga kwa RAW, kuhariri ni rahisi. Anza kwa kukata ukingo, ukimwachia nafasi upande anaotazama. Inua vivuli polepole hadi mng’ao wa buluu uonekane kwenye manyoya, kisha uache. Ukizidisha, weusi unakuwa majivu. Punguza chenga, malizia kwa kunoa jicho.

Kurefusha mkia ama kumbandika kwenye machweo? Hapo si kusafisha tena, ni kudanganya.

Kubwa zaidi, ukiona kiota, ondoka. Kwa kawaida jike hutaga yai moja tu. Ukimfukuza hapo kwa ajili ya laiki, unaweza kuua kizazi chake cha msimu.

Huna nauli ya Ushelisheli? Hakuna noma. Binamu yake mwenye mkia mrefu wa hudhurungi anapatikana Karura, hapa hapa Nairobi. Anza na huyo.